Ukijani wa Bwawani: Mwani Si Majani

Wafugaji wa samaki wa Kasulu na Kibondo hunipigia simu: "Bwana samaki, bwawa limeota majani." Nami huuliza kwanza: yana mizizi? Chota maji kwa glasi uyatazame. Yakiwa ya kijani yenyewe, bila kitu cha kushika, huo ni mwani. Nyuzi zinazoteleza kama nywele zilizolowa ni mwani pia. Lakini kijani chenye vimizizi vinavyoning'inia, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, ni mmea wa ukoo wa nchi kavu uliorudi majini.

Rangi ndiyo inayotuchanganya. Chembe ya kijani ni ileile, na mwani wa kijani na mimea wote huweka akiba ya wanga, kwa kuwa mimea ya nchi kavu ilitokana na mwani wa kijani zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita. Nchi kavu ilidai vifaa vipya: nta juu ya jani lisikauke, kiinitete, yaani mmea mchanga kabisa, kinacholelewa ndani ya mmea mama, baadaye mizizi na mishipa ya kupandisha maji. Mwani hauna haja navyo. Hufyonza chakula kwa mwili mzima. Ndiyo maana ukitia samadi, siku chache tu maji yameshabadilika rangi.

Kwa perege ukijani huo ni chakula, usiufukuze. Pima kwa mkono: uzamishe taratibu, kiganja kimekunjuliwa. Kikipotea machoni maji yakifika kwenye kiwiko, uko sawa. Kikionekana hata baada ya hapo, ongeza samadi kidogo. Kikipotea mapema, acha samadi kabisa, kwani mwani hutoa oksijeni mchana na usiku huitumia pamoja na samaki. Ukiwakuta alfajiri wanahema juu ya maji, sitisha chakula, toa sehemu ya maji, ingiza mapya. Dawa ya kuua mwani siipendi: ukifa wote kwa pamoja, kuoza kwake humaliza oksijeni iliyobaki.

Mimea inayoelea iopoe kwa reki kabla haijafunika bwawa, uitie kwenye mboji. Nyuzi nazo hupenda kingo zenye kina kifupi, jua linapofika chini. Chimba kingo, kina chake kizidi nusu mita.

Ukiona utando wa kijani-buluu kama rangi iliyomwagika, huo si mwani wa kijani bali bakteria, na baadhi yao hutoa sumu. Ng'ombe na mbuzi wasinywe hapo.