SOMO: Husky na pre-commit kwenye repo moja bila kugombana

Wakuu, naandika hili ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu nikaendelea na kazi. Kila kundi linaloanza mradi wa Django nyuma (Python, upande wa seva) na React mbele (JavaScript, upande wa kivinjari) linakuja na swali lilelile: "Mbona huki zangu za Python zimekufa baada ya kuweka Husky?" Huki ni skripti ambayo Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, huiendesha yenyewe kwenye tukio fulani, mfano kabla ya komiti (kuhifadhi mabadiliko). Husky ni chombo cha kusimamia huki kutoka upande wa JavaScript, pre-commit ni cha kazi hiyohiyo kutoka upande wa Python. Msimu wa miradi ya mwisho pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ndiyo usiseme, simu hailali.

Kwanza elewa chanzo. Kwa kawaida Git huendesha faili moja tu kwa kila tukio. Kabla ya komiti hutafuta faili liitwalo pre-commit (hilo ni jina la tukio, si kile chombo) ndani ya .git/hooks, huliendesha, basi. Tangu toleo la 2.9 la mwaka 2016 unaweza kuielekeza itafute kwingine kwa core.hooksPath, na Husky ndivyo inavyofanya: inaelekeza kwenye .husky/_. Kuanzia hapo .git/hooks haisomwi tena. Msimamo wangu: chombo kimoja kishike mlango, vingine viitwe kutoka ndani. Kama repo (folda ya mradi inayotunzwa na Git) ina package.json (orodha ya vifurushi vya JavaScript), mwenye mlango awe Husky, maana kila npm install inaurudisha mpangilio wenyewe.

1. Angalia nani ameshika mlango sasa: git config --get core.hooksPath

2. Weka Husky: npm install --save-dev husky, kisha npx husky init. Mstari wa npm test ufute kama mradi hauna majaribio.

3. Weka pre-commit: pipx install pre-commit. Ukiiweka ndani ya venv (mazingira ya Python ya mradi mmoja), siku utakayokomiti bila kuiwasha utaambiwa amri haipo.

4. USIENDESHE pre-commit install. Itakujibu "Cowardly refusing to install hooks with `core.hooksPath` set", halafu ikudokeze ufute huo mpangilio. Wengi wanatii. Husky inakufa kimya, pre-commit inafanya kazi, kila mtu anafurahi mpaka mwenzako anapoendesha npm install na mambo yanageuka upya. Huo mzunguko ndio nusu ya maswali ninayopokea.

5. Ndani ya .husky/pre-commit andika mistari miwili:

npx lint-staged
pre-commit run

lint-staged huendesha vikaguzi ulivyopanga kwa mafaili uliyo-add tu. Husky toleo la 9 husimama mstari wa kwanza ukishindwa, kwa hiyo huhitaji && katikati. Mpangilio huo una sababu: lint-staged ikirekebisha faili huliongeza yenyewe kwenye komiti, wakati pre-commit ikirekebisha hukatisha komiti na kukutaka ufanye git add tena.

6. Faili moja lisiwe na mafundi wawili. Mfano halisi ni mafaili ya data ya JSON: Prettier (kipanga msimbo kinachoitwa na lint-staged) hukunja orodha fupi kwenye mstari mmoja, pretty-format-json (huki ya pre-commit) yenye --autofix huikunjua. Unakomiti, inakataa, una-add, unakomiti, inakataa, mpaka jua linazama. Kwenye .pre-commit-config.yaml weka exclude: ^frontend/ kwa huki hiyo, yaishe.

7. Git LFS, nyongeza ya Git ya kutunza mafaili makubwa. Kama hutumii, ruka. Kama unatumia, soma polepole, hapa ndipo nilipoungua. LFS hutegemea huki nne: pre-push, post-checkout, post-commit na post-merge. Zote zinakaa .git/hooks, kwa hiyo Husky ikiingia zote zinanyamaza bila onyo lolote. Unakomiti vizuri, unapusha vizuri, kumbe kinachokwenda ni vielekezi tu (vifaili vya maandishi vinavyotaja faili halisi). Mafaili makubwa yamebaki kwenye laptopu yako. GitHub itakataa na kukuambia. Kuna seva zinazopokea bila neno, na mwenzako akikloni anakuta mistari michache ya maandishi mahali pa picha ya ramani. Dawa: tengeneza .husky/pre-push yenye

git lfs pre-push "$@"

na zile tatu vivyo hivyo, kila moja kwa jina lake. Usikimbilie git lfs install --force, itaandika juu ya mafaili ya Husky. Na kama maji yameshamwagika, mashine yenye mafaili halisi iendeshe git lfs push --all origin KABLA mtu hajaifuta au kuiformati.

8. Jaribu kwa kukomiti faili lenye kosa la makusudi. Likipita, rudi namba 1.

MASWALI

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu nimefuata yote haifanyi kazi.
Jibu: "Haifanyi kazi" si ujumbe wa kosa. Namba 1 inakujibu nini?

Mdau wa Nkuhungu: Haitoi kitu.
Jibu: Basi Husky haijawekwa. Namba 2.

Dada wa Kisasa: Kaka, shikamoo. package.json yetu iko ndani ya folda frontend, .git iko juu yake. Husky inasema haioni .git.
Jibu: Marahaba. Swali zuri, nilipaswa kuliweka juu. Kwenye package.json, prepare iwe "cd .. && husky frontend/.husky". Kumbuka huki huanzia juu kabisa ya repo, kwa hiyo andika pre-commit run kwanza, halafu cd frontend, halafu npx lint-staged. Mpangilio unageuka, lakini ukiheshimu namba 6 hautakusumbua.

Dada wa Kisasa: Imekubali! Na ujumbe wa komiti nao naweza kuukagua?
Jibu: Ndiyo. Ndani ya .husky/commit-msg: pre-commit run --hook-stage commit-msg --commit-msg-filename "$1". Hiyo $1 ni faili lenye ujumbe, Git inaileta yenyewe.

Mzee wa Area C: Si rahisi tu kutumia --no-verify?
Jibu: Ni rahisi, inaruka ukaguzi wote wa komiti. Ndiyo maana kwetu pre-commit run --all-files inaendeshwa tena kwenye seva kabla ya kuunganisha.

Kijana wa Makulu: Terminali iko sawa, VS Code inasema npx haipo. Natumia nvm kusimamia matoleo ya Node.
Jibu: VS Code wakati mwingine haipati mipangilio ya terminali yako. Weka mistari ya kuwasha nvm kwenye ~/.config/husky/init.sh, Husky huisoma kabla ya kila huki.

Kijana wa Makulu: Asante. Halafu komiti ya kwanza imekula bando langu lote la wiki.
Jibu: Pole. pre-commit hushusha mazingira ya kila huki mara ya kwanza. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo endesha pre-commit install-hooks. Hiyo si ile install niliyokataza, yenyewe inashusha tu na haigusi Git. Vitu vinakaa ~/.cache/pre-commit, usivifute ukisafisha diski.

Mzee wa Area C: Kwa hiyo niendeshe pre-commit install?
Jibu: Namba 4, mzee wangu.