Kupeleka wajukuu na nkambo zoo ya Lubumbashi wakati wa baridi

Shule zikifungwa Julai, sisi wa Likasi, hapa Kongo, tunashuka Lubumbashi, kilomita 120 hivi, kusalimia wazazi wa bwana wangu kule Katuba, mtaa wa mji huo. Watoto huanza kudai zoo kabla hata mizigo haijafunguliwa. Wakatalie. Siku ya kwanza ni ya wenye nyumba: watoto wakae, wale bukari (ugali) na sombe (kisamvu), waulizwe mambo ya shule. Nkambo, yaani babu au bibi, aliyewangoja mwaka mzima haachwi na salamu ya mlangoni.

Zoo iwe siku ya pili au ya tatu, na msiende asubuhi sana. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200, na wakati huu wa kiangazi mbingu haina wingu, kwa hiyo joto la mchana hupotea lote usiku. Alfajiri baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10, na mchana ikapita 20. Mamba hana joto lake mwenyewe, analitafuta kwenye jua. Asubuhi na mapema watoto watamwona amelala kama gogo na kuuliza kama amekufa. Tokeni nyumbani saa nne.

Kila mtoto avae singlendi (fulana ya ndani), shati na sweta, maana kufikia saa sita watavua. Beba mfuko mtupu wa kuwekea hizo nguo, la sivyo utazishika mkononi hadi jioni. Nkambo mwanamke apate kitenge cha ziada cha kufunika magoti anapokaa. Vaselini ya midomo usisahau, vumbi la kiangazi ni kali.

Kutoka Katuba, kodi taksi moja ya kwenda na kurudi, mpatane bei kabla ya kupanda. Kumpandisha mzee kwenye busi na kumshusha njiani ni kummaliza nguvu kabla hajafika. Mkishaingia, tafuta kwanza mahali pa kukaa, ndipo mpange njia. Msizunguke kote. Chagueni wanyama watatu au wanne, mkae na kila mmoja.

Mimi sokwe siwaruki kamwe. Ndani ya zoo kuna kituo cha J.A.C.K., kilichoanza 2006, kinacholea sokwe wadogo walionyang'anywa wafanyabiashara haramu. Mara nyingi, ili kumpata mtoto mmoja, wawindaji wameua mama yake. Mweleze mtoto hivyo hivyo, ataelewa. Mara moja mama mkwe wangu alisimama akitazama sokwe wawili wadogo, mmoja amemshika mwenzake kiunoni, hataki kumwachia. Akauliza taratibu, "Huyu hana mama?" Kisha akaanza kuwasimulia wajukuu jinsi alivyombeba baba yao mgongoni akienda sokoni, mtoto akilia kila alipotaka kumtua. Hadithi hiyo bwana wangu mwenyewe hakuwahi kuisikia. Kwa hiyo usimharakishe mzee hapo, hata kama watoto wanakuvuta kwenda kwa simba.

Mtoto mwenye mafua asikaribie sokwe. Mafua yetu yanawapata na yanaweza kuwaua. Na wasiwarushie karanga wala vitumbula, hata wakinyoosha mkono. Chakula ni chenu: chai kwenye thermos, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai. Nkambo mwenye ugonjwa wa sukari ale kwa saa yake, asingoje watoto washibe kutazama.

Saa tisa anzeni kurudi, maana jua likiinama tu baridi inarudi.

Usiku ndio ninaouogopa zaidi. Wazee wamezoea kuingiza mbabula (jiko la makala, yaani makaa) chumbani ili wajukuu wapate joto. Waambie kwa heshima, bila kuwagombeza, kwamba makala hata yakiwa mekundu bila moshi hutoa sumu isiyo na harufu, na kwenye chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Ota nao moto nje uani mpaka hadithi ziishe, kisha mbabula ibaki huko huko. Watoto lala nao kitanda kimoja, mkijifunika blanketi mbili.