Jinsi ya kuomba ridhaa ya mteja: mwongozo kwa wenye biashara ndogo Kigoma

Mapema Januari 2022 CNIL, mamlaka ya Ufaransa inayosimamia taarifa binafsi, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na euro milioni 60 kwa Facebook. Faini hizo hazikuhusu wizi wa data. Mtu aliyefungua tovuti zao aliweza kukubali vidakuzi vya kumfuatilia (vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye simu au kompyuta ya mtu) kwa kubonyeza mara moja, lakini aliyetaka kuvikataa ilimbidi abonyeze mara kadhaa. Walitozwa kwa kuifanya "hapana" iwe ngumu kuliko "ndiyo".

Kazi yangu ni kuwapangia wenye biashara ndogo fomu, daftari na kompyuta zao hapa Kigoma mjini, kuanzia Mwanga na Gungu mpaka Ujiji. Kosa la aina hiyohiyo nalikuta karibu kila kaunta ninayoingia: fomu ina mahali pa kusaini, haina mahali pa kukataa. Wengi huniambia mambo haya ni ya makampuni ya Ulaya. Sivyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Tume inaweza kutoza faini hadi shilingi milioni 100. Mtu anayefichua taarifa za mwenzake kinyume cha sheria anaweza kutozwa kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaweza kutozwa hadi shilingi bilioni 5.

Mpangilio ufuatao ndio ninaoutumia kazini. Unahitaji karatasi, kalamu na mchana mmoja usio na wateja wengi.

Hatua ya 1: Andika kila kitu unachokusanya

Pitia daftari, simu ya biashara, kompyuta na makundi ya WhatsApp. Kila taarifa iandikie mambo matatu: ni nini, unaitumia kwa kazi gani, na nani anaiona. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau.

Chukua kitabu cha wageni cha gesti. Msafiri aliyeshuka treni usiku anaandika jina, kabila, atokako, aendako, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Anayemfuata anafunguliwa ukurasa uleule, anasoma yote ya mwenzake kabla ya kuandika yake. Mwanamke anayesafiri peke yake ameacha namba yake mbele ya macho ya kila atakayelala hapo wiki nzima. Dawa yake ni rahisi mno: mhudumu ashike kitabu mwenyewe na kujaza, au kila mgeni apewe karatasi yake inayohifadhiwa kwenye faili.

Ukimaliza orodha, futa kila ambacho hukukitafutia kazi. Duka la vipodozi halina haja na tarehe ya kuzaliwa ya mteja.

Hatua ya 2: Tenganisha cha lazima na cha hiari

Kuna taarifa unazochukua kwa sababu sheria inakutaka, au kwa sababu bila hizo huduma haiwezekani. Wakala wa pesa hawezi kusajili laini bila kitambulisho. Hapo usimzungushe mteja kwa maneno ya ridhaa. Mweleze tu kwamba ni lazima, na kwa nini.

Ila taarifa uliyoichukua kwa sababu moja usiihamishie kwenye kazi nyingine. Mei 2022 Twitter ilikubali kulipa dola milioni 150 nchini Marekani kwa sababu hii hasa: watu walitoa namba za simu na barua pepe ili kulinda akaunti zao, kampuni ikazitumia kuwalenga kwa matangazo. Huku kwetu ni wakala anayeokota namba kwenye daftari la miamala na kuwatumia watu matangazo ya viwanja. Mteja alikuja kutoa pesa, hakuja kuuziwa kiwanja.

Hatua ya 3: Andika ombi la ridhaa

Hapa tulia, maana ndipo biashara nyingi zinapoharibu. Ridhaa iwe ya hiari, iwe ya jambo moja linalotajwa, na mtu aelewe anachokubali. Januari 2019 CNIL iliitoza Google euro milioni 50, na miongoni mwa sababu ni kwamba kisanduku cha kukubali matangazo kilikuwa kimekwisha kuwekewa alama kabla mtumiaji hajagusa kitu, na maelezo yalitawanywa kurasa nyingi. Kwa hiyo usimwekee mtu alama ya vema kwa niaba yake, na usiyafiche maelezo mwisho wa ukurasa kwa herufi ndogo.

Mfano ninaowapa wauzaji wa dagaa wa Kibirizi wanaochukua namba za wateja wa mikoani:

*Tunaomba namba yako ili tukujulishe dagaa wakipatikana na bei ya siku. Hatutampa mtu mwingine namba hii. Unaweza kutuambia tuifute wakati wowote.*
*[ ] Ndiyo, nijulisheni.*
*[ ] Hapana, msinitumie ujumbe.*
*Ukichagua hapana, utauziwa kama kawaida.*

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Mteja anayedhani atanyimwa mzigo akikataa hajaridhia, ameshurutika. Na masanduku yote mawili yawe na ukubwa mmoja, ukurasa mmoja.

Mambo mawili usiyaunganishe kwenye saini moja. "Nakubali kujiunga na kikoba na picha yangu itumike kwenye matangazo" ni maombi mawili. Kila moja lipate ndiyo na hapana yake. Asiyesoma asomewe kwa lugha anayoielewa, Kiha kikihitajika iwe Kiha, na aliyemsomea aandike jina lake chini.

Halafu wadhamini. Mkopaji anaandika namba za dada yake na jirani yake, wenyewe hawana habari, deni likichelewa wanaanza kupigiwa. Kenya, Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya mtandaoni Mulla Pride shilingi za Kenya 2,975,000 baada ya watu kulalamika kwamba namba zao zilipatikana kupitia wengine na kutumiwa kuwasumbua. Mdhamini aje asaini mwenyewe, au apigiwe kwanza na aulizwe. Na jina la mwanakikundi aliyechelewesha marejesho lisibandikwe kwenye kundi la WhatsApp. Taarifa za miamala ya fedha za mtu sheria yetu inazihesabu kuwa nyeti.

Hatua ya 4: Watoto na picha

Taarifa za watoto nazo ni nyeti. Katika tangazo lilelile la Septemba 2023 Kenya iliitoza Roma School shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kusambaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi wa Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Mwezi huohuo Ireland iliitoza TikTok euro milioni 345, kwa kiasi fulani kwa sababu akaunti za watoto zilikuwa wazi kwa umma tangu zinapofunguliwa.

Shule za awali zitenganishe fomu ya kujiunga na fomu ya picha. Fomu ya picha itaje itakapowekwa: ubao wa shule, kundi la wazazi, au ukurasa wa Facebook, kila mahali na kisanduku chake. Wazazi wengi hukubali ubao na kukataa Facebook, na wana haki kabisa.

Hatua ya 5: Tunza ulichopewa

Oktoba 2020 Uingereza iliitoza hoteli za Marriott pauni milioni 18.4 kwa kutolinda kumbukumbu za wageni. Kwako anza na haya: kompyuta iwe na nywila ambayo haijabandikwa kwenye kioo chake, daftari lilale kabatini lenye kufuli, mfanyakazi akiacha kazi, nywila na kufuli alizokuwa akizitumia zibadilishwe.

Mafundi simu, nawaomba sana: msiandike namba ya siri ya mteja kwenye karatasi iliyogundishwa nyuma ya simu. Kioo kijaribiwe mwenyewe akiwepo. Picha zilizomo ndani ya simu ile si sehemu ya kazi mliyolipwa.

Taarifa zikivuja, Tume ijulishwe bila kuchelewa.

Hatua ya 6: Jisajili

Sheria inataka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume. Maombi yanafanyika mtandaoni, kwa hiyo safari ya Dodoma haihitajiki. Orodha ya hatua ya 1 ndiyo itakayokusaidia kujibu maswali mengi ya fomu.

Hatua ya 7: Mtu akibadili mawazo

Aliyeridhia jana anaweza kuondoa ridhaa leo. Teua mtu mmoja wa kupokea maombi haya na weka namba yake ukutani. Tenga daftari dogo: tarehe ya ombi, kilichoombwa, tarehe kilipotekelezwa. Usimuulize sababu, na usimtake aandike barua ikiwa alijiunga kwa neno la mdomo. Ukishaifuta namba yake kwenye simu ya biashara, ifute pia kwenye simu ya msaidizi wako na kwenye nakala iliyoko kwenye flashi, kisha mpigie mara moja tu kumwambia imefutwa.