Namna ya Kuchunguza Dai la Zama za Kati Linalosambazwa na Wenye Misimamo Mikali

Mwongozo huu umetokana na siku chache nilizomsaidia mwalimu mwenzangu, ambaye mwanafunzi wake alimletea video fupi iliyojaa ngao, misalaba na fatwa za kale. Mwenzangu alikuwa ameanza kwa kubishana na itikadi yenyewe. Nilimshauri aiweke kando kwanza, ashike dai moja na kulifuata hadi lilikotoka.

Hatua ya 1. Andika dai kwa sentensi moja, kwa mkono, kwenye karatasi. Likikataa kuandikika, video hiyo haina dai.

Hatua ya 2. Tenga mwaka wa tukio na mwaka wa maandishi. Kauli ya Kilatini «Deus vult», yaani «Mungu anataka», husambazwa kana kwamba kuna aliyeirekodi pale Clermont, Ufaransa, mwaka 1095, Papa Urbano II alipohubiri Vita vya Msalaba. Robert Mtawa, anayesimulia kwamba umati uliipaza baada ya hotuba, aliandika miaka kadhaa baada ya Yerusalemu kutekwa mwaka 1099. Fulcher wa Chartres, aliyesafiri na jeshi lile, haitaji kauli hiyo anapoieleza hotuba hiyohiyo.

Hatua ya 3. Fuata nukuu hadi kwenye hati ya mkono, yaani nakala iliyoandikwa kwa mkono kabla ya vitabu kuchapwa. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza jioni tatu nzima, kwa hiyo mnivumilie.

Mwanazuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliulizwa kuhusu Mardin, mji wa Waislamu uliokuwa chini ya Wamongolia. Alijibu kwamba si nchi ya amani kamili wala ya vita, bali ni aina ya tatu: Mwislamu aliyemo hutendewa anavyostahili, na aliyetoka nje ya sheria naye... Kitenzi kinachofuata ndicho chenye kesi. Chapa iliyotoka Cairo mwaka 1909 ina «yuqatalu», yaani apigwe vita, na fatwa hii ilitegemewa na kijitabu cha kundi lililomuua Rais Anwar Sadat wa Misri mwaka 1981. Hati ya kale iliyohifadhiwa Damascus ina «yu'amalu», yaani atendewe, na Ibn Muflih, mwanafunzi wa Ibn Taymiyya, ameinukuu hivyohivyo. Tofauti ni herufi mbili, ila kwa msomaji wa Kiswahili ni tofauti ya muamala na kitali. Wanazuoni waliokutana Mardin mwaka 2010 waliliweka wazi kosa hilo.

Kosa langu lilikuwa kulinganisha tafsiri kwa tafsiri. Zilipokubaliana nilidhani nimepata ushahidi, kumbe zote zilikuwa zimenywea kisima kimoja, ile chapa yenye kosa. Kwa hiyo usihesabu idadi ya wanaonukuu. Uliza kila mmoja alinakili wapi. Tumia toleo lenye tanbihi zinazoonyesha tofauti za hati, hata kama ni zito na la kuchosha, na usiridhike na programu inayokupa jibu bila kutaja hati. Soma pia sentensi yote: maneno «anavyostahili» yanarudiwa baada ya kitenzi kile, na hayakai vizuri ukisema «apigwe vita anavyostahili». Mkwaruzo wa aina hiyo ungenifungua macho tangu jioni ya kwanza.

Tahadhari moja: kusahihisha neno hili hakumfanyi Ibn Taymiyya kuwa mpole, kwani ana fatwa nyingine kali dhidi ya Wamongolia. Usidai zaidi ya kile ambacho hati inakupa.

Hatua ya 4. Tafuta kilichoachwa nje. Katika maandamano ya wazungu wenye siasa za ubaguzi mjini Charlottesville, Marekani, mwezi Agosti 2017, zilionekana ngao zenye tai mweusi wa Dola Takatifu la Roma, milki ya Ulaya ya zama za kati. Kilichoachwa nje ni hiki: Mtakatifu Morisi alikuwa miongoni mwa watakatifu wasimamizi wa dola hilo, na sanamu yake ya karne ya 13 katika kanisa kuu la Magdeburg inamwonyesha amevaa deraya, akiwa na sura ya Mwafrika mweusi.

Hatua ya 5. Jibu kwa ufupi, na usiisambaze tena video yenyewe. Mwenzangu aliandika ubaoni vile vitenzi viwili kwa herufi za Kiarabu, akamkabidhi mwanafunzi chaki azungushie herufi zinazotofautiana.