Somo: Kusoma uzamili ukiwa bado unafundisha Kiingereza (kwa walimu wa Tabora na Kigoma)

Walimu wenzangu, poleni na kazi. Tangu nimalize uzamili katika chuo kikuu cha kanisa, simu za walimu wa Urambo, Kaliua na Kasulu hazikatiki, na karibu wote wanaanza na swali moja: "Ada shilingi ngapi?" Mambo ya fedha nitayafikia. Ila kwa mwalimu wa Kiingereza aliye kazini, kuna swali linalotangulia: darasani kwako kuna jambo gani linalokunyima usingizi?

Hatua ya kwanza: anzia kwenye madaftari

Safari yangu ilianza jioni moja nikisahihisha insha za Fomu Wani. Mtoto kaandika "My mother she is a farmer." Nikapiga mstari mwekundu. Daftari la pili: "My father he goes to the market." La tatu vilevile. Nilipofika la kumi nikaweka kalamu chini. Miezi yote hiyo nilikuwa nawaambia "mmekosea", kumbe watoto walikuwa wanafuata kanuni. Kwa Kiswahili husemi "mama lima", unasema "mama analima". Ile *a-* ya "analima" ndiyo waliyoibeba, wakaivisha "she". Hata "The book I bought it" ina asili yake: "kitabu nilikinunua", na "it" ni ile *-ki-* ya katikati.

Hawa ni watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, wengi nyumbani wanaongea Kinyamwezi au Kiha, halafu wakiingia sekondari wanakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Kosa lao lina mantiki, nami nilikuwa naliadhibu bila kulielewa. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililokuja kuwa tasnifu yangu.

Kwa hiyo, kabla hujajaza fomu yoyote, nunua kidaftari. Muhula mzima andika: kosa gani, kidato gani, tarehe, ulifundisha nini, lilirudi au halikurudi. Mwalimu anayeingia chuo na kidaftari hicho hahangaiki kutafuta mada mwaka wa pili.

Hatua ya pili: kozi ifuate swali lako

Walimu wengi wanakimbilia uongozi na utawala wa elimu kwa sababu jirani kasoma hiyo. Kama moyo wako uko kwenye ukuu wa shule, ni sawa kabisa. Lakini kama swali lako ni la lugha, soma isimu au ufundishaji wa lugha. Kama ni la vitabu, mtaala na upimaji, tafuta mitaala na ufundishaji. Usikubali kusukumwa kwenye kozi kwa sababu tu ndiyo yenye nafasi.

Hatua ya tatu: chuo

Hapa Tabora tunayo AMUCTA, chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), chenye jina la Askofu Mkuu Mihayo. SAUT yenyewe, ya Wakatoliki, iko Mwanza. Waanglikana wana St. John's pale Dodoma, Walutheri wana Makumira, na Waadventista wana Chuo Kikuu cha Arusha. Usidhani kila chuo kina kozi yako. Uliza kama programu hiyo imeidhinishwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), uliza vipindi ni jioni, wikiendi au likizo, kisha uliza jambo ambalo wengi hulisahau: nani atanisimamia, na yeye ametafiti nini?

Mwalimu wa Tabora kutoka darasani kwenda kusoma zaidi si jambo geni. Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha St. Mary's hapa hapa mjini, shule ya wamisionari, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Alirudi na digrii ya M.A. mwaka 1952.

Hatua ya nne: vyeti

Kidato cha nne, cha sita au stashahada, digrii na transkripti, cheti cha kuzaliwa, barua za wadhamini. Vyuo vingi vinataka GPA (wastani wa alama za digrii) ya 2.7 kwenda juu. Majina yafanane kwenye kila cheti. Yasipofanana, fuatilia kiapo cha kuthibitisha majina mapema.

Hatua ya tano: ruhusa, kwa maandishi

Mkuu wangu wa wakati ule aliniambia kwa mdomo, "Nenda tu, mwalimu." Nikaenda. Niliporudi nilikuta barua ya kujieleza, na aliyesema "nenda tu" alikuwa amehamishwa. Nilijieleza nikitetemeka. Barua yako ipite kwa mkuu wa shule, ifike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usipande gari kabla ya jibu.

Hatua ya sita: fedha na saa

Chukua hati yako ya mshahara. Kama unalipa mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka. Ukiongeza mkopo wa benki, kumbuka makato hayatakiwi kukuacha chini ya theluthi ya mshahara. Piga hesabu hiyo mezani kwako, na mwenzi wako akiwepo.

Saa nazo zina hesabu yake. Uzamili ni krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi, yaani saa 1,800. Ukiweza saa 15 kwa wiki, hizo ni wiki 120. Ukiwa na vipindi vingi na darasa la mtihani, zungumza na mkuu wa taaluma kuhusu ratiba kabla muhula haujaanza.

Hatua ya saba: kibali cha utafiti

Hata kama unatafiti shuleni kwako, unahitaji barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Halmashauri, kisha shule. Anza mapema, ukiikuta shule kwenye mitihani ya majaribio (Mock), umepoteza wiki kadhaa.

MASWALI YA WALIMU

*Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu, niko Ujiji. Chuo cha kanisa kitanipokea?*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Vyuo hivi vinapokea watu wa dini zote. Nilisoma na Waislamu wawili, na mmoja ndiye aliyetuongoza kwenye takwimu. Soma kanuni za mavazi na mwenendo kabla ya kusaini, na uulize ratiba ya Ijumaa mchana. Ukichagua chuo cha Waadventista, ujue Jumamosi ni Sabato, hakuna vipindi.

*Shikamoo mwalimu. GPA yangu ni 2.4. Ndiyo basi?*

Marahaba, mwanangu. Bado. Uliza kuhusu stashahada ya uzamili. Ukiifaulu vizuri, vyuo vingi vinakufungulia njia ya kuingia uzamili.

*Niko Nguruka, mtandao unasumbua. Nitasomaje?*

Kila ukifika mjini, pakua makala za mwezi mzima, uziweke kwenye simu na kwenye flashi. Treni ya Kigoma hadi Tabora ilikuwa maktaba yangu: Uvinza, Nguruka, Usinge, Kaliua, nasoma hadi macho yanachoka.

*Nikimaliza mshahara utapanda?*

Chuo kinatoa cheti, cheo kinashughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu. Peleka nakala zilizothibitishwa kwenye jalada lako, ufuatilie. Lakini usikope ukitegemea nyongeza hiyo.

*Mimi nina mtoto wa miezi minane. Nisubiri?*

Dada, kama hakuna wa kukusaidia nyumbani, subiri mwaka mmoja bila kujilaumu. Kidaftari cha hatua ya kwanza kianze Jumatatu hii. Mtoto akishaacha kunyonya utakuwa na mihula miwili ya kumbukumbu mkononi, na mimi nitafurahi kukaa nawe tuzisome pamoja.