Picha za safari kwa simu: jinsi ya kuzipiga na kuzitunza zisipotee

Kuna safari moja simu yangu ilitumbukia majini siku ya mwisho, picha za wiki nzima zikaenda nayo. Zilizobaki ni tisa tu, zile nilizokuwa namtumia dada angu njiani ajue tumefika salama, na kati ya hizo tisa ninayoipenda kuliko zote sio ya mlima wala ya bahari, ni ya viatu vya mama vimewekwa juu ya begi lililofungwa tayari, kamba za kiatu cha kushoto zimepigwa fundo mara mbili kama anavyofunga siku zote. Niliipiga alfajiri nikiwa namsubiri amalize kuvaa. Tangu hapo nimebadilisha kabisa ninavyopiga picha na hasa ninavyozitunza, na haya ndo ninayofanya.

Anza na lenzi, ifute. Yaani hii peke yake inaondoa nusu ya malalamiko ya watu, simu inashinda mfukoni, inashikwa na vidole vyenye jasho na mafuta, afu picha ikitoka na ukungu na taa zikatoa miale mirefu tunasema kamera mbovu. Kitambaa laini kikavu kinatosha, hata upindo wa fulana safi.

La pili acha kuvuta picha kwa vidole. Simu nyingi ukizumu hivo hazisogezi kitu, zinakata tu kipande cha katikati na kukikuza, ndo mana inatoka kama imepakwa maji. Kama simu yako ina lenzi nyingine ya mbali tumia kile kitufe chake, kama haina sogea kwa miguu, na ukishindwa kusogea piga hivo hivo utakata baadae umetulia.

Mwanga mzuri ni ule wa saa ya kwanza jua likichomoza na ya mwisho kabla halijazama, unakuja kwa ubavu na hauchomi macho. Mchana jua likiwa utosini mpeleke mtu kivulini. Na ukimpiga mtu aliyeipa mgongo dirisha atatoka mweusi tii, mgeuze alitazame dirisha, au gusa uso wake kwenye skrini kamera ipime mwanga hapo, afu telezesha kidole juu au chini mpaka upende unachokiona.

Sasa picha za dirishani kwenye basi au treni, hizi nazipenda sana na ndo zinawashinda wengi. Zima fleshi, mana itakupigia kioo tu. Sogeza simu karibu kabisa na kioo na uizibe pembeni kwa kiganja au koti ili usijione mwenyewe ndani ya picha, ila usiilaze kwenye kioo, mtetemo wote wa gari utaingia. Halafu utaona nguzo za karibu zinatoka zimelala upande, hiyo sio simu kuharibika, kamera ya simu inasoma picha mstari kwa mstari na sio yote kwa mpigo, kwahiyo ikifika mstari wa mwisho nguzo imeshahama. Dawa yake lenga vitu vya mbali, vilima, mawingu, mstari wa miti, au subiri gari lipunguze mwendo.

Kuhusu nini cha kupiga nina msimamo wangu. Lile jengo maarufu lipige, sawa, mara mbili tatu inatosha, limeshapigwa na maelfu ya watu kwa kamera nzuri kuliko yako. Ila hakuna mwingine duniani atakayepiga kitanda ulicholala wewe, tiketi iliyokunjika mfukoni, baba amesinzia na miwani imemshuka puani. Tarehe 11 Juni 1997 Philippe Kahn, mfanyabiashara wa programu za kompyuta, aliunganisha kamera ya dijitali, laptop na simu akiwa hospitali ya uzazi huko California akawatumia watu picha muda huo huo, inatajwa sana kuwa ndo picha ya kwanza kutumwa kwa simu ya mkononi, na haikuwa mandhari yoyote ile, ilikuwa bintiye mchanga aliyezaliwa siku hiyo. Mtu usiyemjua muombe kwanza, akikataa shusha simu na umshukuru. Na ukishapiga zako tatu nne irudishe mfukoni uangalie kwa macho.

Usiku kabla ya kulala chukua dakika kumi. Futa zilizotikisika na zile kumi zinazofanana bakisha moja, ukiahirisha mpaka urudi nyumbani hutafanya kamwe. Faili la picha lenyewe linabeba tarehe, saa, aina ya simu, na mahali kama umewasha lokesheni, ila halijui yule mzee aliyekaa pembeni yako aliitwa nani wala nini kiliwachekesha, kwahiyo andika mstari mmoja kwenye maelezo ya picha au kwenye daftari.

Kutunza ndo penyewe hapa. Kanuni wanayoitumia wapiga picha ni nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae mbali na ulipo. Kwa msafiri ina maana simu yenyewe, memori kadi au fleshi diski ndogo iliyoko begi lingine (sio begi moja na simu jamani), na ya tatu mtandaoni, iache ipande usiku ukipata Wi-Fi. Lakini angalia sana, huduma nyingi za mtandaoni zinakwenda sambamba na simu, ukifuta kwenye simu na huko inafutika, kwahiyo usifute kupunguza nafasi kabla hujajua yako inafanyaje kazi. Google Photos tangu 1 Juni 2021 inahesabu picha mpya ndani ya zile GB 15 za bure unazogawana na barua pepe, zikijaa inaacha kupandisha na wewe unadhani mambo yanaenda. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida picha inabanwa na kupungua ubora, ukitaka apate faili kamili tuma kama hati. Afu mara moja moja jaribu kufungua picha ya zamani kutoka kwenye hizo nakala kwa chombo kingine, mana nakala usiyoijaribu huna uhakika nayo.

Ukiposti, ondoa lokesheni kwanza, na picha ya chumba ulicholala isubiri mpaka uwe umeshaondoka.

Ukirudi chagua chache ukachapishe, nyuma andika kwa penseli laini tarehe na majina. Ile ya viatu ilibanwa wakati wa kutumwa, faili dogo mno, lakini kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15 lile fundo la mara mbili linaonekana vizuri kabisa, na mama ameiweka kwenye kabati lake.