Namna ya kutuliza hofu unapojifunza kuzamia kwa mtungi

Nafundisha kuzamia kwa mtungi wa hewa huko Nungwi, kaskazini ya Unguja. Mara kwa mara hunijia mtu aliyekwisha kulipia kozi, kitabu amekisoma, kuogelea anajua, halafu anasimama kwenye maji ya kifuani na kuniambia, "Mwalimu, hili la kuvua maski mimi siliwezi." Maski ni kile kioo kinachofunika macho na pua, na kuivua majini ni moja ya mazoezi ya kozi. Wengine walianza mahali pengine wakaachia njiani, na wanafika kwangu wakiwa wamejaa aibu. Hapana cha kuonea aibu. Mwongozo huu nimewaandikia wao, pamoja na yeyote anayejiandaa kwa cheti cha kwanza, kile kinachomruhusu mtu kushuka hadi mita 18.

Wengi hudhani wanaogopa papa, au kina, au giza. Nikiwauliza polepole, jibu huwa moja: wanaogopa kukosa pumzi. Ndiyo maana kila hatua hapa inaanzia kwenye pumzi, na mazoezi ya vifaa yanafuata nyuma yake.

Kabla hujalowa: usibane pumzi

Sisi tuliokulia pwani tuna mzigo wetu. Mimi nilianza kwa kusaka pweza mwambani, nikajua kubana pumzi kabla sijajua kusoma vizuri. Nilipoingia kozi ya mtungi, mwili wangu ulijua amri moja tu: ukienda chini, bana. Siku ya kuvua maski nilibana, kifua kikawaka, nikachomoka juu kama boya lililokatika kamba. Mwalimu wa siku ile alinifokea mbele ya wenzangu, nami sikurudi kwa miezi minne. Mtu wa bara ambaye hajawahi kuiona bahari anafika mahali palepale kwa njia yake: anashtuka, anabana.

Kwa mwenye mtungi, kubana ni hatari yenyewe. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Mvuvi anayebana pumzi ameichukua hewa yake juu. Akishuka inasinyaa, akirudi inakuwa kama alivyoichukua. Wewe unavuta hewa palepale chini. Ukiibana ukapanda nayo kutoka mita 10, inataka kutanuka maradufu ndani ya kifua, na mapafu yanaweza kupasuka. Hata kwenye bwawa la mita mbili jambo hili linawezekana. Kwa hiyo, wakati wowote regyuleta, kile kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi, haimo mdomoni, toa mapovu madogo mfululizo, kama mtu anayesema "aaa" kwa sauti ya chini.

Hatua ya kwanza: itaje hofu yako

Andika kwenye karatasi ni kitu gani hasa. "Naogopa maji" haitoshi. Ni maji kuingia puani? Ni kutoona? Ni kumeza chumvi? Ni mambo tofauti, na kila moja lina zoezi lake. Mpe mwalimu karatasi hiyo kabla hamjavaa chochote. Fomu ya afya nayo ijaze kwa ukweli. Pumu, moyo, kifafa, ujauzito, masikio yaliyowahi kupasuka: haya ni ya kumpelekea daktari kwanza, maana mengine ambayo mtu huyaita woga ni mwili unatoa taarifa.

Hatua ya pili: karai la maji nyumbani

Hili ndilo lililonirudisha baharini, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Unahitaji karai la kufulia, kigoda, mrija wa kupumulia wa waogeleaji na mtu wa kukaa nawe.

Anza na glasi. Ifudikize ndani ya karai ukiishika wima. Maji hayapandi, kwa sababu hewa iliyomo haina pa kutokea. Sasa iinamishe upande: povu linatoka, maji yanaingia. Pua yako ndiyo glasi hiyo. Uso ukiwa umeinama kidogo, hewa hubaki puani na maji hukaa mlangoni. Ukitazama juu bila kupuliza, hewa inatoka na maji yanateremka hadi kooni. Wanafunzi wengi wanaokohoa siku ya kuvua maski wamefanya hivyo tu: wameinua uso kutafuta mwanga.

Haya, weka mrija mdomoni, bila maski, bila kubana pua kwa vidole. Tia uso majini. Vuta kwa mdomo, toa kwa pua. Pumzi ya kwanza na ya pili utahisi koo linajifunga. Hilo ni la kawaida kabisa, mwili unakulinda. Usipigane nalo. Inua uso, pumzika, rudi. Siku ya kwanza pumzi tano zinatosha. Fika ishirini, kisha sitini. Halafu badilisha: vuta kwa mdomo, toa kwa mdomo, pua ikae tu ndani ya maji bila kazi. Hiyo ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo itakayokufaa siku maski itakapochomoka kichwani kwa bahati mbaya. Nyuma ya kaakaa kuna kama mlango mdogo kati ya pua na koo. Kwa mazoezi unajifunza kuufunga kwa hiari. Dakika kumi kila jioni kwa wiki moja, na utakuja kozini ukiwa mtu mwingine.

Hatua ya tatu: chagua siku na maji

Usijifunze wakati wa bamvua ukiweza kuepuka. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanakwenda mbio na hutibuka. Chagua siku za maji mafu, mkondo unapolegea. Kwetu upande wa kaskazini, asubuhi huwa tulivu kuliko alasiri, na kipindi cha tanga mbili, upepo mmoja umechoka na mwingine haujakaza, bahari hulala. Lala vizuri, kula chakula chepesi, usinywe pombe usiku wa kuamkia. Ukiwa na mafua, ahirisha.

Na muulize mwalimu: tutakuwa wangapi? Mwenye hofu anahitaji kundi la watu wawili watatu, au akae peke yake na mwalimu. Akikujibu kwamba mazoezi yote lazima yaishe asubuhi ileile, tafuta mwingine.

Hatua ya nne: maski, kidogo kidogo

Kwanza hakikisha inakaa. Ivae bila mkanda, vuta hewa kwa pua: ikijishika usoni yenyewe, ni yako. Kitu kidogo sana kinaweza kuivujisha. Rasta moja iliyopita chini ya ukingo, ncha ya ushungi, masharubu mazito. Kina dada wanaojisitiri, vaeni kofia ya mpira ya kuzamia, na maski ikae juu ya ngozi, kofia iishie pembeni yake.

Alikuja dada mmoja kutoka Dodoma, muuguzi. Alikuwa ameshindwa mara mbili. Tulipiga magoti kwenye mchanga, maji yakitufika mabegani.

"Mwalimu, ikijaa nakufa."

"Haitajaa, dada. Ingiza matone tu, yasifike machoni. Halafu kaa nayo."

Akaingiza kidogo. Nikamwomba asiyatoe, apumue mara tano kwa mdomo huku maji yakicheza chini ya pua. Mikono yake ilikuwa imeishika yangu kwa nguvu, kucha zimezama. Pumzi ya tatu vidole vikalegea. Hapo ndipo nilipojua tutafika, maana alikuwa amegundua kwamba maji yanaweza kuwa ndani ya maski naye akaendelea kupumua.

Fuata mpango huohuo. Raundi ya kwanza, matone. Ya pili, hadi chini ya macho. Ya tatu, nusu. Ya nne, yote. Kila raundi kaa na maji pumzi tatu hadi tano kabla ya kuyatoa. Anayekimbilia kuyatoa anaufundisha mwili kwamba maji ni moto. Kuyatoa ni hivi: bonyeza ukingo wa juu wa maski kwenye paji la uso kwa vidole, vuta pumzi kamili kwa mdomo, anza kupuliza kwa pua polepole na mfululizo, na ukiwa umekwisha kuanza kupuliza ndipo unapoinua uso kidogo. Hewa inapanda juu ya maski, maji yanasukumwa nje kwa chini. Yakibaki, rudia. Hakuna anayekuhesabia.

Kuvua kabisa kunakuja baada ya hapo. Ivue, ishike mkononi, vuta kwa mdomo, toa kwa pua, kama kwenye karai. Macho unaweza kuyafungua, chumvi huwasha kidogo tu. Mwenye lenzi za machoni ayafumbe. Mwalimu akuguse begani muda wote. Kuguswa kunatuliza kuliko maneno.

Dada yule alivua siku ya tatu, si ya kwanza. Sikuona sababu ya kumharakisha.

Hatua ya tano: regyuleta

Hii inatisha kwa kuisikia, lakini wengi huipita upesi. Vuta pumzi, itoe regyuleta mdomoni, toa mapovu. Ikipotea, inamia bega la kulia, shusha mkono wa kulia hadi pajani, uguse mtungi kwa nyuma, kisha uzungushe mkono mbele kwa duara kubwa. Mpira wake wa hewa unapita juu ya bega la kulia, hivyo lazima uukute. Irudishe mdomoni, puliza kwa nguvu kutoa maji, vuta kwa hadhari. Kama huna pumzi ya kupuliza, ziba tundu kwa ulimi na ubonyeze kitufe cha mbele. Na kumbuka unayo ya akiba, mara nyingi ya manjano, na mwenzako anayo yake.

Hatua ya sita: kushuka

Shuka kwa kamba ya nanga, miguu chini, huku umeishika. Masikio yafungue mapema, kila nusu mita, kabla hayajauma: bana pua, puliza taratibu kwa pua hiyohiyo. Yakiuma, panda mita moja, jaribu tena. Usilazimishe kamwe. Mita 10 za mwanzo ndipo hewa ya mwilini inaposinyaa zaidi, kwa hiyo hapo ndipo pa kwenda mwendo wa kinyonga.

Jambo moja la lugha. Kwetu dole gumba ni "poa". Chini ya maji dole gumba maana yake "tupande juu". Nimeona mwanafunzi mwenye furaha akiulizwa hali, akatoa dole, na mwenzake akaanza kumpandisha. Salama ni kidole cha shahada na gumba kuunda duara. Tatizo ni kiganja kilichonyooshwa kinachopepesuka huku na huku, kisha unaonyesha penye tatizo.

Hatua ya saba: hofu ikikukuta huko chini

Itakuja. Ukihema haraka na juujuu, kaboni dayoksaidi inarundikana mwilini, nayo ndiyo inayouambia ubongo kwamba unakosa hewa. Geji inaonyesha bari 180, mtungi karibu umejaa, na bado unahisi unakabwa. Dawa yake ni kutoa. Puliza pumzi ndefu hadi mwisho, polepole, kisha acha hewa iingie yenyewe.

Utaratibu tunaoufundisha ni maneno manne: simama, pumua, fikiri, tenda. Acha kupiga mapezi. Shika kamba au mkono wa mwenzako. Toa pumzi ndefu tatu ukitazama kitu kimoja kisichokimbia, jiwe au matumbawe. Mpe mwalimu ishara. Ikipoa, endelea. Isipopoa, dole gumba, mpande pamoja taratibu, kama mita 9 kwa dakika, mkisimama dakika tatu kwenye mita 5 kama mlishuka kina kirefu, huku unapumua bila kukatiza.

Wazee wetu walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwenye kuzamia usiufuate usemi huo. Mzamiaji yeyote anaweza kuahirisha mzamo wowote, wakati wowote, hata akiwa ameshavaa mtungi kwenye boti, na hadaiwi maelezo. Mwanafunzi akiniambia "leo hapana" kule kisiwani Mnemba, namvua mtungi, nampa maji ya kunywa, na tunaongea mengine.

Ukishapata cheti ukakaa miezi sita bila kuzamia, usianzie baharini. Anzia kwenye karai, kisha maji ya kifuani, maski kwanza. Mimi mwenyewe kila mwanzo wa msimu nalitoa karai langu uani, wanangu wakanizunguka kuhesabu pumzi.